Ususi na Mwili wa Mwanamke: Habari za Kale na za Siku Hizi

Neno kusuka katika lugha yetu lina kazi nyingi. Husukwa nywele, husukwa mkeka, husukwa kamba na kikapu. Maziwa husukwa ndani ya kibuyu hata siagi ikajitenga. Tena shauri baya nalo husukwa. Kufuma ni kazi nyingine: hiyo ni ya nguo, yenye mtande na mshindio, kama isomwavyo katika Mambo ya Walawi. Kushona ni kazi ya sindano. Mtu akitaka kujua kwa watu wetu wa kale kazi ipi ilikuwa ya nani, na aanze na maneno haya matatu. Msusi wa mikeka na wa nywele alikuwa kwa desturi mwanamke. Mfumi alikuwa mwanamume. Na mshoni wa nguo huko pwani, mara nyingi mwanamume pia, hata skuli za misheni zikaja kuwapa wasichana sindano.

Liko neno la nne, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Hutungwa ushanga katika uzi, hutungwa maua, hutungwa shairi. Na mimba nayo hutunga tumboni mwa mama. Wazee hawakuona ajabu kuwa na neno moja kwa ushanga na kwa mtoto aanzaye kuwapo. Wala si wao tu: katika Zaburi ya 139 neno la Kiebrania litumiwalo kwa mwili ufanyizwao mahali pa siri ni lile lile la kutarizi nguo kwa nyuzi za rangi. Asomaye Zaburi ile kwa Kiswahili haoni uzi, walakini uzi umo.

Hali kadhalika vyombo vyetu vina miili. Mtungi una mdomo, una shingo, una tumbo na kitako. Kikapu kina mdomo na masikio. Vyombo hivi vilifanywa na wanawake, vikachukuliwa kichwani na mgongoni na wanawake, na lugha ikavipa viungo vya wale waliovifanya. Twasema haya mapema kwa sababu tutakayoyaeleza yatokea nchi za mbali, na msomaji angeweza kudhani ni mambo ya kigeni matupu.

Katika mwaka 2022 nchi ya Uganda ilipata nyumba yake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, huko Italia, maonyesho yaliyoanza mwaka 1895. Nyumba yenyewe ilikuwa katika jumba la Palazzo Palumbo Fossati, na msimamizi wake Shaheen Merali. Waliochaguliwa kuipamba ni wawili: Collin Sekajugo, mchoraji, na Acaye Kerunen, mwanamke ambaye asili yake ni kwa Waaluri wa magharibi ya Mto Nile, na ambaye kazi zake nyingi amezipa majina ya Kialuri. Waamuzi wa maonyesho waliitaja Uganda kwa heshima ya pekee pamoja na Ufaransa. Nao wakaisifu kazi ya Kerunen kwa namna anavyotumia magome ya miti na rafia, vitu ambavyo nchi yenyewe huviotesha tena.

Kazi hizo ni sanamu, lakini si za mti wala za jiwe. Ni sanamu za nyuzi. Kerunen huwaendea wanawake wasukao katika sehemu mbalimbali za Uganda, wenye kujua kazi ya rafia, ya ukindu, ya nyuzi za mgomba, ya matete na ya mabua ya mtama. Huchukua mikeka na vikapu vilivyosukwa na mikono yao, akavifumua sehemu, akavikunja, akaviunga na kuvishona tena kwa mkono, mpaka vikawa maumbo makubwa kuliko mtu. Mengine huning'inia, mengine huuegemea ukuta, yenye mikunjo na uvimbe na uwazi, yakianguka kwa uzito wake kama nguo ianguka­vyo juu ya nyonga. Hayana uso, hayana mikono. Hata hivyo aonaye hujua kwamba amesimama mbele ya mwili wa mtu mzima, na kwamba mtu huyo ni mwanamke.

Tulipowaonyesha walimu wenzetu picha zake, walijibu kwa namna mbili. Wengine walisema, Mkeka ni wa kulalia, kuutundika ukutani ni kuuharibu. Wengine walisema, Hii ni sanaa ya Wazungu iliyovikwa ukindu. Jibu la kwanza lina haki yake, nasi tutalirudia. La pili twaliona si kweli, na historia ndiyo shahidi wetu.

Tuanze na mkaja. Mkaja ni kitambaa ambacho mwanamke hufungwa tumboni akiisha kuzaa, ili viungo vyake virudi mahali pake. Mbeleko ni nguo ya kumchukulia mtoto mgongoni. Lakini ulizeni juu ya mahari katika nchi za pwani mtasikia majina hayo hayo: bwana arusi hutoa mkaja, hutoa na mbeleko, navyo humwendea mama wa bibi arusi, pamoja na kilemba kiwaendeacho wanaume. Siku hizi hutolewa kwa fedha, bali majina hayakubadilika. Maana yake ni nini? Ni kwamba kabla ya binti kutoka, nyumba ile ya kiume hukiri deni la kitambaa kilichofunga tumbo la mama yake na cha nguo iliyomchukua. Kitambaa hapo si pambo. Ni hati ya kazi ambayo mwili wa mwanamke umeifanya, na hati hiyo haikuandikwa kwa wino.

Tena kuna ushanga wa kiunoni, uitwao utunda, na kondavi, mshipi wa shanga zilizofumwa pamoja. Hizi mama au somo humvika binti, naye huendelea nazo katika ndoa. Mapadre na walimu wa zamani waliziandika katika kamusi zao kwa maneno machache, kwa haya, wakapita. Hatuwalaumu kwa haya yao; lakini kamusi yao imetuachia jina na kutunyima maana.

Mahali ambapo ufundi, mwili na mafundisho vilikutana waziwazi ni unyago. Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Waluguru na jirani zao walikuwa na mwana hiti, mfano mdogo wa mtu, wenye kichwa kilichogawanyika kama nywele zilizosukwa, kiwiliwili chenye maziwa na kitovu, pasipo mikono wala miguu. Wengi ulichongwa kwa mti, mwingine ulifanywa kwa kibuyu. Mwali aliyekuwa ndani alipewa autunze kama mtoto: aupake mafuta, auvike shanga na kitambaa, aulaze. Mti ulichongwa na mwanamume, lakini mti peke yake haukuwa mwana hiti. Mafuta, shanga na nguo za yule binti ndizo zilizouhuisha. Hans Cory, aliyekaa miaka mingi Tanganyika katika kazi ya serikali akichunguza desturi za makabila, alitoa kitabu mwaka 1956 juu ya vinyago vya udongo vilivyotumiwa kufundishia wali, kila kinyago na wimbo wake. Vingi vilikuwa vya udongo usiochomwa, maana havikukusudiwa kudumu.

Kanisa lilifanya nini? Mahali pengi lilikataza yote kwa pamoja. Masasi, Padre Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alijaribu njia nyingine: tangu 1913 aliichukua jando ya wavulana akaitia sala za Kikristo. Unyago wa wasichana ulimwia mgumu zaidi, kwa kuwa elimu yake ilikuwa mikononi mwa wanawake wazee, naye alikuwa mwanamume. Twaona hapo ndipo palipokuwa na fundo. Walioamua juu ya vitu vya unyago walikuwa wanaume wasioviona, wakisimuliwa na wanaume wengine wasioviona. Yaliyokuwa machafu yalikuwapo, hatukatai. Lakini pamoja nayo yalitupwa mafundisho ya uzazi, ya usafi, ya kumlea mtoto, na vyombo vya ufundi vilivyoyabeba, na mahali pake likawekwa somo la kutarizi vitambaa vya meza. Hii ndiyo sababu moja kwa nini binti wa siku hizi aweza kumaliza masomo yake yote akiwa hajui jina la hata kitu kimoja ambacho nyanya yake alifanya kwa mikono.

Sisi tuandikao haya twakaa Makanyagio, kata ya mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Nchi hii ni ya Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Wafipa na wengine waliohamia baadaye. Misheni ni ya zamani: Mapadre Weupe waliipokea ngome ya Wabelgiji huko Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Nao walipofika walikuta watu wenye nguo. Twakaza neno hili, maana bado wako wafundishao kwamba nguo zililetwa na wageni.

Nguo zilikuwa za namna mbili. Namna ya kwanza ni gome la mti. Katika misitu yetu ya miombo gome lilitoa kamba, mizinga ya nyuki na mavazi. Ufundi huu ulifikia ukamilifu wake Buganda, ambako gome la mti uitwao mutuba huvuliwa wakati wa mvua, likapigwa kwa nyundo za mti mpaka likalainika na kutanuka, kisha likaanikwa likapata rangi ya udongo mwekundu. Wafanyao kazi hiyo huko ni wanaume wa ukoo wa Ngonge, na mkuu wao huitwa Kaboggoza. Waliivaa wake kwa waume, ila mwanamke aliongeza mshipi kiunoni. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu, ikauandika katika orodha yake mwaka 2008.

Namna ya pili ni pamba. Ufipa na bonde la Rukwa zilijulikana kwa nguo nzito za pamba. David Livingstone, alipopita upande huu wa ziwa mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho, aliona pamba ikilimwa. Kitanda cha mfumi kililazwa karibu na ardhi juu ya vigingi, na mfumi aliinua nyuzi kwa mkono, maana kitanda cha namna hiyo hakina makanyagio. (Jina la kata yetu ni neno hilo hilo, lakini hatudai kwamba limetoka huko.) Wafumi walikuwa wanaume.

Basi nguo ya gome ilipigwa na mwanamume, nguo ya pamba ilifumwa na mwanamume, na zote mbili ziliuawa na nguo ya dukani. Wamarekani walifanya mkataba na Sultani Said wa Unguja mwaka 1833, na kitambaa cha viwanda vyao, kilichosafirishwa toka Salem katika jimbo la Massachusetts, kikaenea bara kwa migongo ya wapagazi, hata jina lake likawa merikani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hata 1865, vilipoipunguza, nguo za Uingereza na Bara Hindi zikashika mahali pake. Kaniki, iliyotiwa nili, ilikuwa imekwisha kujulikana. Mfumi wa Ufipa alihitaji siku nyingi kwa nguo moja, na mwenye duka aliipima kwa mkono akaikata mara moja. Kitanda kikaachwa.

Kanga yastahili makala yake peke yake, kwa hiyo tutasema neno moja tu. Hali ya utumwa ilipoondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa merikani na kaniki, nguo za watumwa, walichagua kanga zenye rangi na maua. Hawakuifuma wao, ilitoka ng'ambo. Lakini namna ya kuifunga, ya kuikunja, ya kuivuta kichwani, hiyo ilikuwa kazi yao wenyewe, na kwa kufunga tu, pasipo sindano, mwanamke alijitengeneza upya mbele ya watu.

Ususi haukuuawa. Hili ndilo jambo tulilotaka kulifikia. Gome likaisha, pamba ikaisha, lakini mkeka, ungo, kikapu na kawa vikaendelea, kwa sababu hakuna mwenye duka aliyeona faida ya kushindana na kazi ambayo haikulipwa. Mwanamke alisuka baada ya kutoka shamba, baada ya kutwanga, mtoto akiwa mgongoni. Hakuna aliyemhesabia saa. Kilichouhifadhi ufundi huu ndicho kilichoudharaulisha. Leo mikeka ya plastiki imefika katika soko la Mpanda, nayo ni rahisi, na kwa mara ya kwanza ususi wenyewe una mshindani.

Kwa hiyo yafaa kueleza kazi yenyewe, maana wengi wetu tumelala juu ya mikeka maisha yetu yote pasipo kuitazama. Mkindu hukua kandokando ya mito na mabondeni penye maji. Hukatwa kuti changa lisilofunguka bado, maana likiisha kufunguka huwa gumu na kuvunjika. Majani huanikwa mpaka yakawa meupe, kisha huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu kuwa chane nyembamba zilizo sawa. Msusi mzuri hujulikana hapa, kabla hajasuka, kwa usawa wa chane zake. Zitakazotiwa rangi huchemshwa. Zamani rangi ilitoka katika magome, mizizi na matope meusi, sasa hununuliwa ya unga. Chane hulainishwa kwa maji zikisukwa. Huanza chache, vidole vya mikono miwili vikizipitisha juu na chini kwa mshazari, na chane ikiisha hufuatishwa nyingine mahali pasipoonekana. Utokao ni ukanda mwembamba mrefu uitwao ukili. Ukili hauna mwisho wake wenyewe. Waweza kuendelea hata ukazunguka nyumba. Ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo, nao ukawa mkeka. Ukishonwa kwa kuzungushwa huwa kikapu.

Na watoshaje? Hapo ndipo tulipostaajabu. Ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Kwa mkono, toka kiwiko hata ncha ya kidole. Kwa shibiri, toka kidole gumba hata kidole cha mwisho. Na upana wake kwa wanda, upana wa kidole kimoja. Mikono hiyo ni ya msusi mwenyewe. Mwanamke mrefu hufanya mkeka mrefu. Ukiwa na mikeka miwili ya pima sawa iliyosukwa na wanawake wawili, hailingani. Kila mmoja umechukua kipimo cha mwili mmoja. Mkeka ni mwanamke aliyelazwa chini kwa urefu wake. Kerunen alipousimamisha mkeka hakuutia mwili usiokuwamo. Aliinua uliokuwa ukikanyagwa.

Hata huko Ulaya ufundi wa nyuzi ulichelewa kuheshimiwa, kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa kazi ya wanawake. Skuli ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar nchini Ujerumani mwaka 1919, iliahidi kuwapokea wanaume na wanawake sawasawa, kisha ikawaelekeza wanawake wengi katika chumba cha kufuma. Gunta Stölzl akaja kukisimamia. Anni Albers, aliyeingia humo pasipo kutaka, ndiye aliyekuwa mfumi wa kwanza kupewa maonyesho yake peke yake katika Museum of Modern Art ya New York, mwaka 1949. Baada yao mwanamke wa Poland, Magdalena Abakanowicz, aliyeishi tangu 1930 hata 2017, alianza katika miaka ya 1960 kufuma maumbo makubwa mno yaliyoning'inia toka dari, mazito, yenye mipasuko na mikunjo, ambayo watu waliyaita Abakani kwa jina lake. Aliyafuma kwa nyuzi za katani, mara nyingi za kamba kuukuu. Wasomaji wa Tanga watapenda kujua hilo. Katani ndiyo ile iliyoletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ambayo miche 62 tu ilisalia ikapandwa, hata nchi yetu ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Sisi tuliona katika katani magunia na kamba za meli, na jasho la manamba. Yeye aliona ngozi na tumbo. Majirani zetu wa Kenya, wanawake wa Kikamba na wa Kikikuyu, walikuwa wameona vingine: kiondo, kinachoning'inia mgongoni kwa ukanda uliopita juu ya paji la uso. Na mwenzao Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, amejulikana ulimwenguni kwa mitungi aifanyayo kwa mikono pasipo gurudumu, mitungi ambayo hakuna awezaye kuieleza pasipo kusema shingo na tumbo. Lugha yetu ilikuwa imekwisha kuyasema.

Turudi sasa kwa wale waliosema kwamba mkeka ni wa kulalia. Nadhani neno lao lina swali ndani yake, nalo ni hili: mkeka uliotundikwa Venice ni wa nani? Umesukwa na mwanamke mmoja wa kijijini, umefumuliwa na kushonwa na mwingine, na jina liliandikwalo ni la huyo wa pili. Je, si kumnyang'anya?

Swali si jipya, limo katika Maandiko. Hema ya kukutania ilipofanywa jangwani, Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, kinatuambia kwamba wanawake wote wenye moyo wa hekima walisokota kwa mikono yao, wakaleta nyuzi za buluu, za zambarau na nyekundu, na singa za mbuzi. Aya chache baadaye twasikia majina ya mafundi: Bezaleli mwana wa Uri, na Oholiabu. Hawa wana majina na baba zao na kabila zao. Wale waliosokota hawana hata jina moja. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twampata mwanamke mwenye jina na kazi ya nguo pamoja, Tabitha wa Yafa, naye twamjua kwa sababu wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu alizowashonea. Pasipo wajane wale kuzishika nguo mikononi na kusema nani aliyezishona, naye angekuwa mmoja wa wale wa Kutoka.

Katika nyumba za makumbusho za Ulaya vimo vikapu na mikeka na vitambaa vya nchi zetu vilivyopelekwa na maofisa, wafanya biashara, na mapadre pia. Kibandiko kwa kawaida hutaja kabila, mahali, na jina la aliyekileta. Msusi hatajwi. Twaona ya kuwa hapo pana dhuluma kubwa kuliko ile wanayoiogopa wenzetu, nayo ilitendwa kwa nia njema na watu waliopenda sanaa hizo.

Kerunen mwenyewe ameichukua hoja hii kuwa sehemu ya kazi yake. Amesema mara nyingi kwamba hao wanawake ni washirika, na kwamba kazi yao ni elimu, wala si malighafi. Katika mwaka 2024 Uganda iliporudi Venice, yeye hakuonyesha sanamu zake bali alikuwa msimamizi wa nyumba. Jina la maonyesho lilianza kwa maneno ya Kialuri Wan Acel, maana yake, Sisi tu wamoja. Miongoni mwa wasanii, pamoja na Sanaa Gateja, mzee anayetunga shanga za karatasi juu ya nguo ya gome, liliandikwa pia kundi la mafundi wasukaji. Ni hatua. Kundi, lakini, si jina. Na waliotunga mashairi yetu ya kale walijua tofauti hiyo, ndiyo sababu walikuwa wakijitaja katika beti za mwisho.

Sisi hapa hatuna jumba la maonyesho. Tuna daftari. Kila tuonapo mkeka uliosukwa vizuri twaandika jina la msusi, idadi ya chane alizoanzia, mahali alipokata ukindu, na jina aliitalo yeye msuko ule, kwa lugha yake kwanza na kwa Kiswahili baadaye. Tumekwisha kuona kwamba msuko mmoja waweza kuwa na jina moja kwa Kifipa na jingine kwa Kikonongo, na majina hayo hayafasiriki moja kwa jingine: moja ni la mnyama, jingine ni la kiungo cha mwili. Twaomba walimu wa sehemu nyingine watuletee ya kwao, nao wasiulize wanaume. Mama mmoja wa hapa Makanyagio, tulipomwuliza jina lake tuliandike, alikataa mpaka tuandike kwanza la nyanya yake. Ndiye aliyemfundisha, alisema, na ukili wake wa kwanza aliufumua mara nne.